Damu ya Mzee

Mke wangu aliinua shavu la sato wa kwanza, akalifunika. Akainua la wa pili, akakaa nalo kidogo, kisha akaniangalia.

"Baba Neema, hawa umewanunua leo?"

"Leo hii, Kirumba. Si unaona bado wana barafu?"

"Basi muuzaji alikuona vizuri kuliko ulivyowaona samaki wake."

Tukala mchicha.

Mtu aliyekulia kando ya ziwa hafundishwi kununua samaki, anaiga tu kwa mama yake. Unainua shavu kwa kidole gumba, unachungulia ndani. Pakiwa pekundu pa damu mbichi, unaanza kupatana bei. Pakiwa pamegeuka udongo, unasema "ngoja nizunguke kwanza" na hurudi tena. Kitendo hicho nimekifanya kwa zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kukiona kinachotafutwa mle ndani. Nainua shavu, nakunja uso kama mjuzi, naguna, nafunika. Maigizo matupu. Machoni pangu shavu la samaki wa alfajiri na la samaki wa juzi ni rangi moja, kitu kama tope la Igombe likiwa limelowa. Mimi nanunua kwa vidole na pua: nabonyeza nyama nione kama inarudi, natazama jicho kama limetuna, nanusa. Siku ile nilikuwa na mafua, na barafu ilikuwa imemkaza samaki mzee hadi akawa na mwili wa kijana.

Macho yangu hayana nyekundu. Jina lake ni upofu wa rangi, jina ambalo silipendi, maana likitajwa tu watu wananihurumia kwa tatizo nisilokuwa nalo. Wanadhani naiona dunia kama runinga ya zamani ya nyeusi na nyeupe. Hapana. Bluu naiona, tena sana. Njano naiona. Jioni jua likishuka nyuma ya jiwe la Bismarck naona jambo zuri na nasimama kulitazama kama watu wengine, ila sijui kama tunatazama jambo moja. Ukishasema una upofu wa rangi, mchezo unaanza: "Na hili shati langu ni rangi gani? Na ile boda?" Mchezo huo nimechezeshwa harusini, msibani, na mara moja ndani ya kivuko cha Kamanga na mtu ambaye hata jina lake sikulijua.

Nilipofaulu kwenda sekondari, mayu, yaani mama yangu, alinipa hela nikanunue sweta Makoroboi. Shule ilitaka rangi ya damu ya mzee. Nilichagua kwa makini, nikajaribu matatu, nikarudi na la kijani kilichokolea. Mayu alilinyoosha mbele ya dirisha, akaligeuza, akanuna. Aliamini nimenunua la bei rahisi nikala chenji. Niliapa kwa kila kitu. Nikarudishwa Makoroboi kwa miguu, na muuzaji akacheka mpaka akawaita wenzake: "Dogo, mbona nilikuambia hii ni kijani ukasema ndiyo hiyohiyo?" Kweli aliniambia. Nilidhani ananipima akili.

Hapo ndipo mtu angetakiwa kushtuka. Hatukushtuka. Nyumbani nilishakuwa na sifa ya kutokuwa makini, na sweta likaingia kwenye orodha.

Nilikuja kujua baada ya kidato cha sita. Nilitaka meli. Watoto wa Mwanza wa rika langu wengi walitaka kwenda Dar, mimi nilitaka kusimama juu pale kwenye usukani na kuvuka kwenda Bukoba usiku. Kwenye kupimwa afya nilifunguliwa kitabu chenye kurasa za vidoadoa. Vilibuniwa na daktari wa macho wa Japani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917, na hadi leo kitabu ni kilekile. Ukurasa wa kwanza una namba 12, na huo kila mtu anauona. Umewekwa kusudi ili wenye hila wajulikane. Nikasema kumi na mbili kwa sauti ya afisa. Ukurasa wa pili sikuona namba. Niliona choroko na maharage yaliyomwagika. Wa tatu vilevile. Mbele zaidi nikaona namba, nikaitaja kwa furaha, na mpimaji akainua macho yake kwenye fomu akanitazama: ukurasa ule, mwenye macho ya kawaida haoni kitu. Namba ile imefichwa kwa ajili ya watu kama mimi tu.

Nilikasirika kwa miaka. Leo sina hasira, maana sheria ya majini naielewa. Chombo kikitembea usiku kinawasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Ukiona taa nyekundu ya mwenzako inakatiza kutokea kulia kwako, ujue unaona ubavu wake wa kushoto, na wewe ndiye wa kumpisha. Kwangu taa hizo mbili ni taa mbili, moja hafifu kuliko nyingine. Hebu fikiria abiria mia kadhaa, katikati ya ziwa, saa nane usiku, na nahodha anakisia. Basi nikawa mhasibu. Hata huku rangi zimenifuata: bosi wangu anapaka hasara nyekundu na faida kijani kwenye jedwali la kompyuta, naye anashangaa kwa nini nasoma kila tarakimu.

Nyuma ya jicho tunazo seli ziitwazo koni, na kwa watu wengi ziko za aina tatu. Moja inaitikia zaidi mwanga wa bluu, moja wa kijani, moja inavutwa kuelekea nyekundu. Hakuna koni inayoona rangi peke yake. Ubongo unalinganisha taarifa zao, na rangi ndiyo matokeo ya ulinganisho huo. Ukikosa aina moja, hukosi rangi moja tu, unakosa tofauti zote zilizotegemea ulinganisho ule. Jeni za koni ya kijani na ya nyekundu zimekaa jirani kwenye kromosomu X na zinafanana mno, kwa hiyo katika kunakiliwa vizazi na vizazi makosa hutokea kirahisi. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini karibu wanaume 8 kati ya 100 wana kasoro ya namna hii. Kwetu Waafrika kiwango ni cha chini ya hapo, na pengine ndiyo sababu hapa hakuna anayeuliza.

John Dalton, yule Mwingereza wa nadharia ya atomu tuliyemkariri shuleni, alikuwa wa kundi letu. Mwaka 1794 aliwasomea wenzake huko Manchester taarifa kuhusu macho yake: kuna ua ambalo mchana kwake lilikuwa na rangi ya anga, na usiku kwa mwanga wa mshumaa likageuka kuwa kama jekundu. Wengine wote hawakuona mabadiliko yoyote, isipokuwa kaka yake. Dalton akaamini kwamba ute ndani ya jicho lake una rangi ya bluu unaochuja mwanga, akaagiza akifa macho yake yapasuliwe. Alikufa 1844. Daktari akapasua, ute ukakutwa mweupe kama maji. Mabaki ya jicho yakahifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi wakasoma vinasaba vyake: alikosa koni ya kijani. Mimi nimekosa ya upande wa pili. Mtu huyu alisubiri miaka mia na hamsini kaburini kujibiwa swali lake, na mimi nilitaka kulia kwa sababu ya sweta.

Hilo la kaka yake ndilo lililonipigisha simu. Mwanamume ana X moja tu, na ameipata kwa mama. Mama anazo mbili, moja ikiharibika nyingine inafunika, naye anaona vizuri na hajui amebeba nini. Kwa hiyo kama mimi ni hivi, wa kuulizwa si baba.

"Mayu, eti babu alikuwa anaziona rangi?"

Kimya. Nikadhani salio limeisha.

"Ule mtumbwi," akasema.

Hadithi ya ule mtumbwi nilikua nayo. Babu, baba yake mayu, alikuwa fundi mitumbwi Igombe. Mbao alizijua, kukalafati alijua, na mtumbwi ukitoka mikononi mwake haukuingiza maji. Mteja mmoja, Simba damu, akaagiza mtumbwi wake upakwe rangi nyekundu na ukanda mweupe. Siku ya kuuchukua akaja na wenzake, na nadhani walikuja na mbuzi. Wakaukuta mtumbwi kwenye mchanga, umekauka, umeng'aa, ukanda mweupe umenyooka kabisa. Na kijani tupu, kuanzia omo hadi tezi.

Wanasema yule bwana alikaa chini. "Mzee, huu ni utani gani?"

Babu akamjibu bila kutingisha kope: "Si ulisema nyekundu?"

Mwalo mzima ukaangua kicheko. Ule uso mkavu wa babu ndio uliowamaliza. Ukahesabika kuwa utani mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa kwa mnyama Igombe, na kuanzia siku hiyo babu akawa Yanga. Hakuomba. Walimpa kofia ya kijani, akaivaa. Yanga ikifungwa walikuja kumpa pole, ikishinda walimletea soda. Rangi ya ule mtumbwi aliikwangua na kuipaka upya kwa gharama yake mwenyewe, jambo ambalo katika hadithi lilipitwa harakaharaka kwa sababu halichekeshi. Alizikwa akiwa Yanga.

"Kwa hiyo baba hakuwa Yanga," mayu akasema, kama mtu anayefuta jina kwenye daftari.

Tukaanza kukumbushana, na kila kitu kikageuka. Makopo yake ya rangi yalikuwa na alama kwenye vifuniko, mikato ya msumari: mmoja, miwili, mitatu. Sisi wajukuu tuliamini ni hesabu ya lita. Bibi alikuwa akiitwa bandani kila rangi mpya ikinunuliwa, na tulidhani ni mapenzi tu, mzee hawezi kufungua kopo bila mkewe. Labda yalikuwa ni mapenzi pia. Nyanya zilizoiva babu alikuwa akizichuma kwa kuzibonyeza, naye alisema macho ni ya watoto, mkulima anatumia mkono.

Najiuliza aliwezaje kuishi miaka yote ile akitaja rangi na asikamatwe ila mara moja. Jibu langu ni Kiswahili. Lugha yetu ni ya huruma kwa watu kama sisi, maana rangi zake nyingi ni vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Manjano ni bizari ile ya jikoni, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu, machungwa hayana haja ya maelezo. Ukijua kitu unajua na rangi yake, huhitaji kuiona. Babu aliyaita magugu ya ziwani kijani kwa sababu ni majani, na hakuna aliyeweza kumpinga. Rangi zenye neno lake lenyewe, zinazokubali kubebwa na ngeli kama sifa nyingine yoyote, ni tatu tu: kitu cheupe, kitu cheusi, kitu chekundu. Huwezi kusema kitu chekijani. Brent Berlin na Paul Kay, watafiti wa Marekani, walilinganisha lugha 98 na mwaka 1969 wakatoa hoja kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi, la tatu baada ya nyeupe na nyeusi huwa ni nyekundu. Lugha yangu ina rangi tatu za asili, na mimi nimegawiwa mbili.

Ukifika hapo, swali la pili linakuja lenyewe, na hili si la sisi wenye kasoro peke yetu. Wewe na jirani yako mnaiita damu nyekundu. Mmejuaje kwamba mnaona kitu kimoja? John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, aliliuliza hivi: tuseme ua la njano linamtokea mtu mmoja kama ua la zambarau linavyomtokea mwingine, na kinyume chake. Wote wawili wamefundishwa maneno yaleyale kwa kuonyeshwa maua yaleyale, kwa hiyo watazungumza maisha yao yote bila kupishana hata siku moja. Hakuna kipimo cha vidoadoa kitakachowafumania.

Zamani hoja hii ilinichosha, niliiona ni starehe ya watu walioshiba. Sasa nadhani Locke alikuwa sahihi kwa waliobadilishana, siyo kwa waliopungukiwa. Mimi nimepungukiwa, na aliyepungukiwa siku moja anafumaniwa, kwa sweta au kwa mtumbwi. Ila nikiwatazama hao wenye macho mazima siwaamini sana. Mnaikumbuka ile picha ya gauni iliyozunguka dunia Februari 2015? Ofisini kwetu watu walikaribia kununiana. Nusu waliona nyeupe na dhahabu, nusu bluu na nyeusi, kwenye simu moja, saa moja, na gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Ubongo hukisia mwanga uliopo kwenye picha kisha huuondoa, na watu walikisia tofauti. Mimi nilikaa pembeni nakunywa chai yangu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona wenye rangi wakigombana.

Na kuna furu. Hawa samaki wadogo tuliozoea kuwatunga kwenye ndoana kuwa chambo cha sangara, ziwa letu lilikuwa na mamia ya aina zao. Wawili kati yao wanaishi kwenye miamba ya visiwa vya karibu na Mwanza, Makobe na Python. Mmoja anaitwa Pundamilia pundamilia, dume lake ni la bluu. Mwingine ni Pundamilia nyererei, ndiyo, amepewa jina la Mwalimu, na dume lake lina mgongo mwekundu. Majike wa aina zote mbili wamefifia na wanafanana. Wa bluu hukaa juu, karibu na uso wa maji, wekundu hukaa chini zaidi. Tofauti yao ni mita chache, umbali wa kutoka ghorofa moja kwenda nyingine.

Lakini maji ya ziwa yana chembechembe, na kadiri unavyoshuka mwanga wa bluu unakufa, unabaki wa njano na nyekundu. Ole Seehausen, mtafiti wa samaki hawa, na wenzake walichapisha mwaka 2008 walichokikuta: jeni ya koni ya mwanga mwekundu imetofautiana kati ya furu hao. Wa chini macho yao yamesogea zaidi upande wa nyekundu. Jike wa chini anamchagua dume mwekundu, kwa sababu huko anakoishi huyo ndiye anayeng'aa. Wa juu anamchagua wa bluu. Kwa hiyo katika ziwa hilihili tunalochota maji, majirani wa ghorofa mbili wanaiona dunia tofauti, na kwa ajili ya kuona tofauti wamekuwa samaki wawili. Jeni iliyopimwa kwao ni ndugu ya ile niliyoikosa mimi. Niliposoma hilo nilikuwa ofisini, nikafunga jedwali la hasara, nikatoka nje kidogo.

Sehemu ya pili ya habari hiyo si nzuri. Seehausen alikuwa ameonyesha tangu 1997 kwamba maji yakichafuka kwa udongo wa mashambani, maji taka na mbolea, rangi zinapotea na majike wanashindwa kutofautisha. Kwenye maabara walipowekwa chini ya taa ya rangi ya chungwa tupu, jike wa nyererei aliacha kuchagua, dume yeyote akawa sawa. Kwenye ghuba, palipo na tope zaidi, wa bluu na wekundu wamechanganyika hadi huwezi kuwatenganisha. Sangara ndiye anayelaumiwa siku zote kwa kuwamaliza furu, na aliwala kweli. Lakini tope lilifanya kazi ambayo haikuhitaji meno. Kila furu kwenye tope lile sasa yuko kama mimi pale Kirumba, anainua shavu na kukisia.

Neema ana miaka tisa. X yangu ni moja na nimempa, hilo halina bahati nasibu. Anaona rangi zote, na akija kuzaa wavulana kila mmoja atakuwa na nusu kwa nusu. Nimemweleza kwa kadiri anavyoweza kubeba. Alichotaka kujua ni kama nywele zake mimi naziona nyeusi. Nikamwambia nyeusi. Akaridhika. Siku hizi ndiye ninayekwenda naye mwaloni. Anainua mashavu ya samaki kwa kidole gumba kidogo, na wauzaji wameshaanza kumwogopa.

Desemba tulikwenda Igombe kuhesabiwa na ndugu. Banda la babu limelala upande mmoja, kuku wanatagia humo. Nyuma ya mbao zilizooza nikakuta kopo, kutu limelila kiunoni, kifuniko kimeshikilia. Nikapapasa juu. Mikato mitatu. Mayu hakukumbuka mitatu ilikuwa rangi gani, bibi hayupo wa kuulizwa, kwa hiyo nikatafuta bisibisi nikakibandua. Rangi ilikuwa imebaki chini kabisa, ngumu, imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Nikamwita Neema, nikamwinamishia kopo kwenye mwanga wa mlango.

"Rangi gani hii?"

Akaingiza kidole, akakwaruza, akanusa, akatoka nacho nje juani. Akarudi.

"Imekauka, baba. Ni kama kutu tu."